Ngeli za Malengo: Utangulizi wa Elimu ya Viumbe Waishio Ndani ya Faili

Kila sayansi huanza kwa kuhesabu na kutoa majina. Wataalamu wa ndege wana orodha zao, wa vipepeo wana makabati yao ya vioo, na wanasarufi wametugawia nomino zote za Kiswahili katika ngeli, hata zile zisizopenda kugawiwa. Fani moja tu ndiyo imebaki bila mwainishaji, nayo ni fani ya malengo: yale yanayoandikwa mwanzoni mwa mwaka katika mpango wa elimu binafsi wa mwanafunzi mwenye ulemavu, yakatiwa kwenye faili la manila, faili likafungiwa kwenye kabati la chuma, na kuanzia hapo malengo yakaishi maisha yao wenyewe bila kumsumbua mtoto. Makala haya ni jaribio la kulifungua kabati, kuwatazama viumbe hao kwenye mwanga, na kuwapa ngeli.

Uwanja wa utafiti ni kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi ya kawaida ya Tanzania. Msomaji anakijua: chumba kimoja, aghalabu kile kinachopakana na stoo ya majembe, wanafunzi wa kuanzia miaka sita hadi wale walioanza kuota ndevu, mmoja ana usonji, mwingine mtindio wa ubongo, wengi ulemavu wa akili, mwalimu mmoja aliyesomea kazi hii na mwenzake aliyepangiwa hapo kwa sababu "ana moyo". Mbinu iliyotumika ni kukaa kwenye benchi, kusoma mafaili na kusikiliza, mbinu ambayo vitabu vya utafiti huiita kwa jina refu zaidi. Hakuna mtoto halisi aliyetajwa. Anayeitwa Juma humu ni yule Juma wa vitabu vya hesabu, mwenye machungwa.

Asili ya spishi

Lengo la mpango binafsi ni mgeni katika pwani hii. Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotaka kila mtoto mwenye ulemavu awe na mpango wake ulioandikwa: yuko wapi leo, anatarajiwa awe amefika wapi baada ya mwaka, na tutajuaje kama amefika. Maswali matatu, na yote ni mazuri. Kutoka huko fomu ilisafiri pamoja na wataalamu, wafadhili na mihtasari ya vyuo. Kenya ilianzisha vituo vyake vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu mwaka 1984, na miaka miwili baadaye ikapata taasisi yake ya elimu maalumu, KISE, huko Kasarani, Nairobi. Kwetu, anayetaka kuikuta fomu ikiwa bado ya moto huenda Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha.

Ikumbukwe kwamba elimu yenyewe iliitangulia fomu. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950, na ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Watoto walikuwa wakisoma nukta nundu kwa vidole vyao katika nchi hii robo karne kabla mtu yeyote popote hajalazimishwa na sheria kuandika "lengo mahususi namba 3(b)". Simaanishi kwamba fomu haina kazi. Namaanisha kwamba inapaswa kuonyesha kazi yake.

Maswali mawili ya kwanza hujibiwa Januari, mwalimu akiwa na nguvu na kalamu ikiwa na wino. Hili la tatu, tutajuaje kama amefika, ndilo lililowazaa viumbe wote wanaofuata.

Ngeli ya kwanza: Lengo la Kunakili

Huyu ndiye mwenye idadi kubwa kuliko wote na ndiye rahisi kumtambua. Kila Januari huhama kutoka faili la mwaka jana kwenda la mwaka huu bila kupoteza hata mkato. Mara nyingine huhama kutoka kwa mtoto hadi kwa mtoto, na hapo huacha nyayo: aya ya kwanza inamhusu Juma, aya ya pili inasema "Asha ataweza kufunga vifungo vya sketi yake". Juma ni mvulana wa miaka kumi na miwili na hana sketi, lakini kwa mujibu wa taarifa ya Juni anaendelea nayo vizuri.

Kuhusu chanzo cha uhamaji huu, wanazuoni wa ofisini wana nadharia moja: uvivu wa mwalimu. Nadharia hiyo ina sifa ya kuwa fupi. Mwainishaji anayejua kuzidisha ataona jambo jingine. Kitengo chenye watoto 20, kila mtoto akitakiwa awe na malengo matano katika mawasiliano, kujihudumia, kusoma na kuandika, kuhesabu, na stadi za kazi, kinadai malengo 100 yaliyobuniwa upya kabla kengele ya kwanza ya mwaka haijagongwa, na mtu huyo huyo ndiye anayesubiriwa kumbadilisha nguo mtoto aliyejichafua. Mtu wa namna hiyo akinakili, amefanya hesabu na kupata jibu sahihi.

Hata hivyo spishi hii ina madhara, na imewahi kufikishwa mahakamani. Huko Colorado, Marekani, wazazi wa mvulana mwenye usonji, anayejulikana katika nyaraka za kesi kama Endrew F., waliona kwamba mipango ya mtoto wao ilikuwa ikibeba malengo yale yale ya msingi kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Wakamtoa katika shule ya umma, wakampeleka ya binafsi, kisha wakadai warudishiwe gharama. Mahakama ya rufaa iliridhika kwamba sheria inatimizwa mradi faida anayopata mtoto inazidi sifuri kidogo tu. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na Machi 2017 majaji wote wanane kwa kauli moja wakakikataa kipimo hicho. Wakasema mpango lazima uwe umeandaliwa kwa namna inayomwezesha mtoto kupiga hatua zinazolingana na hali yake. Ni nadra kiumbe wa kabatini kupata heshima ya kujadiliwa na majaji wanane, na mwainishaji hawezi kuficha fahari yake.

Ngeli ya pili: Lengo la Wingu

Hutambulika kwa vitenzi vyake: kuboresha, kukuza, kuimarisha, kujenga. "Mwanafunzi ataimarisha stadi za mawasiliano." "Mwanafunzi atajenga hali ya kujiamini." Ukilitazama kwa mbali linapendeza, ukilisogelea unapita katikati yake bila kugusa kitu.

Jaribio la maabara ni rahisi na halihitaji umeme. Wasimamishe walimu wawili dirishani, wamtazame mtoto kwa dakika kumi bila kusemezana, kisha mwulize kila mmoja peke yake kama lengo limetokea. Majibu yakitofautiana, umeshika wingu. Sasa jaribu hili: "Juma ataomba maji kwa kuinua kikombe au kuonyesha picha ya kikombe, bila kuulizwa." Hapo walimu wawili hawawezi kugombana. Kikombe ama kimeinuliwa ama hakikuinuliwa, na aliyeuliza ama ameuliza ama amenyamaza.

Fadhila kubwa ya wingu ni kwamba halishindwi kamwe. Hakuna mwalimu aliyeitwa ofisini akaulizwa kwa nini kujiamini kwa Juma hakukujengeka kufikia tarehe 30 Juni. Ndiyo maana idadi ya mawingu huongezeka katika kila wilaya ambako mwalimu anaadhibiwa zaidi kwa lengo lisilofikiwa kuliko kwa lengo lisiloeleweka.

Ngeli ya tatu: Lengo la Ugenini

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ngeli hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Chukua kunawa mikono. Wataalamu wa fani hii, kwa akili nyingi, huigawa kazi yoyote katika hatua ndogo ndogo, na kunawa hugawanywa hivi: kufungua bomba, kulowesha mikono, kuchukua sabuni, kusugua, kusuuza, kufunga bomba, kukausha. Hatua saba, kila moja na kisanduku chake. Mbinu yenyewe ni hazina. Badala ya kusema "hajui kunawa", ambayo ni hukumu, unaweza kusema "anakwama kwenye kusugua", ambayo ni kazi ya kesho. Na mwalimu mjanja huanza kufundisha kutoka mwisho: yeye anamsaidia mtoto hatua sita za mwanzo, ya saba anamwachia. Kila siku anayeimaliza kazi ni mtoto, na kumaliza kuna ladha yake. Akishaimudu ya saba, anaachiwa ya sita na ya saba, na kurudi nyuma hivyo hivyo.

Tatizo ni bomba. Shule yetu ina kibuyu chirizi: dumu lenye tundu limening'inizwa kwenye mti wa kulalia juu ya nguzo mbili, kamba inashuka hadi kwenye kipande cha mti kilicholala chini, unakikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika. Hapo hakuna cha kufungua wala cha kufunga. Kuna cha kukanyaga, na kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayeyumba akiunyanyua mguu mmoja, hapo pa kukanyaga ndipo penye mlima wote. Mahali pa kushikilia pangemsaidia. Kamba fupi zaidi ingemsaidia. Lakini fomu haina kisanduku cha mguu. Ina kisanduku cha bomba. Basi mwalimu mtiifu hujaza "kufungua bomba: bado", muhula baada ya muhula, na mtoto anahesabiwa kuwa nyuma katika stadi ambayo hapo shuleni haijawahi kutumiwa na mtu yeyote, akiwemo mwalimu mkuu.

Jamaa wa ukoo huu ni wengi. Kufunga kamba za viatu kwa mtoto aliyezaliwa na kukulia katika kandambili. Kutumia uma katika nyumba ya ugali. Kutaja majira manne ya mwaka kwa mtoto wa Dodoma, ambaye anajua vizuri sana yaliyopo ni masika na kiangazi, na cha pili ndicho kirefu. Kila moja ya malengo haya lilikuwa na akili mahali lilipoandikwa kwanza. Nimewaona walimu waliochukua kalamu wakafuta "bomba" na kuandika juu yake "kukanyaga", kwa mkono, kwa mwandiko wa haraka, na kuharibu usafi wa fomu. Mkwaruzo huo mmoja una elimu kuliko makala haya yote.

Ngeli ya nne: Lengo Marehemu

Lilifikiwa zamani. Limebakizwa kwa sababu linapendeza likitiwa tiki. Tuliache lipumzike.

Ngeli ya tano: Lengo la Themanini

Ni kiumbe mwenye mkia, na mkia wenyewe daima ni ule ule: "kwa asilimia 80". Ataitambua herufi *a* kwa asilimia 80. Atakaa kwenye kiti kwa asilimia 80. Atasalimia wakubwa kwa asilimia 80, jambo ambalo katika vijiji vingi litamletea matatizo na ile ishirini iliyobaki.

Kwa baadhi ya mambo mkia huu unafaa. Mtoto akionyeshwa kadi tano akazitambua nne, mwalimu anaweza kusonga mbele akijua msingi umeshika. Lakini tazama unavyovaa mahali pengine. "Juma ataandika jina lake kwa asilimia 80." Jina lina herufi nne, robo tatu yake ni Jum, zote ni Juma, themanini haipo. "Atavuka Barabara ya Morogoro kwa usalama kwa asilimia 80." Mwenye kuandika hivi amekubali kwa maandishi, na kwa muhuri wa shule, kwamba mara moja katika kila tano atamwachia bodaboda aamue. "Atatumia choo kwa asilimia 80." Mwulizeni anayefua.

Na kuna upande wa pili ambao huwa hauchekeshi. Mtoto ambaye hajawahi kutamka neno, akitamka moja Jumatano, kisha akalirudia Ijumaa ya wiki ya pili, asilimia yake ni ndogo mno kuonekana kwenye fomu. Kwa kipimo cha themanini ameshindwa. Nyumbani kwao siku hiyo hawakulala.

Elimu ya tiki

Lengo likishaandikwa hutakiwa kufuatiliwa, na chombo cha ufuatiliaji ni tiki. Wageni katika fani hii hudhani tiki zote ni sawa kwa sababu zinafanana umbo. Mtaalamu huzitofautisha kwa makazi na kwa saa za kuonekana.

Tiki ya Ijumaa huwekwa saa nane mchana kwa ajili ya wiki nzima, kwa kalamu moja, mwinamo mmoja, kasi moja. Ushahidi wake ni mtoto aliyeshinda zahanati Jumanne akitibiwa malaria, ambaye Jumanne hiyo hiyo amepanga vizibo vya soda kwa rangi na kufaulu. Tiki ya Huruma hutolewa kwa jitihada, kwa mvua, kwa kufiwa, na kwa mtoto kuja shule siku ambayo hata mwalimu hakutaka kuja. Siipingi, ila isiandikwe kwenye safu ya kuhesabu. Tiki ya Mthibiti huzaliana usiku. Kuna uhusiano wa kisayansi kati ya wingi wake na gari la wathibiti ubora kuonekana kata jirani, na chanzo cha taarifa hizo ni dereva wa bodaboda.

Kwa mthibiti mwenyewe sina ugomvi. Amepewa shule nyingi na siku chache, na orodha yake inamwuliza kama rekodi ipo. Ipo. Ina tarehe, ina saini, ina muhuri. Anatia alama yake ya tiki juu ya tiki za mwalimu na kuondoka.

Mwisho wa mlolongo huu, tiki zote zikishajumlishwa na kukamuliwa, hutoka sentensi moja, na hiyo ndiyo mzazi anayopewa: *anaendelea vizuri*.

Nimeisikiliza sentensi hii katika vikao vya wazazi kwa makini ambayo huenda haijawahi kupewa. Haina mtenda anayeshtakika, haina mahali pa kuanzia wala pa kuishia. Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Juma. Karibu. Huyu anaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi."

"Nashukuru. Maana hata nyumbani naona. Zamani nilikuwa namvalisha shati mwenyewe kama mtoto mchanga. Sasa namshikia tu, mikono anaingiza mwenyewe. Vifungo ndiyo bado, ila juzi cha chini kabisa alikifunga."

"Vizuri sana, mama. Weka saini hapa."

Msomaji ameona kilichotokea. Upande mmoja wa meza kulikuwa na faili lenye malengo matano, tiki mia na ushee, na muhuri. Upande wa pili kulikuwa na mwanamke mwenye mkoba wa plastiki, naye ndiye pekee aliyetoa takwimu: hali ya kuanzia, hali ya sasa, hatua inayofuata, na kiasi cha msaada kilichopungua kati ya siku ile na hii. Hakuna lililoandikwa. Fomu haikuwa na nafasi.

Kuhusu vipimo vya wenzetu

Haki itendeke kwa waliojaribu. Mtaala wa umilisi wa Kenya una ngazi nne za kumpima mwanafunzi, na kwa Kiswahili chake huenda kutoka kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, hadi mbali na matarajio. Ni afadhali kuliko tiki, maana kukaribia kumepewa jina. Shida inakuja pale mtoto anapokaa "mbali na matarajio" miaka mitatu: mwaka wa kwanza alikuwa mbali kilomita kumi, sasa yuko mbali kilomita mbili, na neno ni lile lile. Ametembea kilomita nane ndani ya neno moja.

Thomas Kiresuk na Robert Sherman, waliokuwa wakifanya kazi na wagonjwa wa afya ya akili kule Minnesota, waliliona hilo mapema. Mwaka 1968 walitoa kipimo ambacho kila mtu anatengenezewa chake: sifuri ni pale unapotarajia afike, moja na mbili za kujumlisha ni kuzidi, moja na mbili za kutoa ni kupungukiwa, na kila ngazi imeelezwa kwa maneno kabla ya kuanza. Baadaye, katika miaka ya 1970, Stanley Deno wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake walifundisha walimu wa elimu maalumu kipimo cha dakika moja: mtoto anasoma kwa sauti, mwalimu anahesabu maneno aliyoyasoma sawasawa, anaweka nukta kwenye grafu. Unachora mstari kutoka alipo hadi unapotaka afike. Nukta nne mfululizo zikianguka chini ya mstari, kanuni inasema badilisha ufundishaji. Haisemi badilisha mtoto, haisemi mwite mzazi, haisemi subiri mwaka uishe.

Kanuni hiyo ya nukta nne naipenda kuliko sheria zote za fani hii, kwa sababu inafanya rekodi kuwa na kazi. Rekodi yetu ya kawaida huandikwa ili iwepo. Ya Deno iliandikwa ili Jumatatu mwalimu afanye kitu tofauti na alichofanya Ijumaa.

Inafaa pia kujua kwamba hata wenye asili ya fomu walichoka nayo. Mwaka 2004 Marekani iliirekebisha sheria yake, na wanafunzi wengi wakaondolewa sharti la kuandikiwa malengo madogo ya muda mfupi chini ya kila lengo la mwaka, sababu mojawapo ikiwa wingi wa makaratasi. Sisi bado tunayaandika, tena kwa nakala mbili.

Ugunduzi mkuu

Sasa nafika kwenye jambo ambalo uainishaji wote huu ulikuwa ukilizunguka. Chukua faili lolote la Juma na utazame tiki mbili kwenye "kuvaa shati": moja ya Machi, moja ya Oktoba. Zinafanana. Machi mwalimu alikuwa nyuma yake, ameshika mikono yote miwili ya mtoto, anaisukuma ndani ya shati. Oktoba mwalimu alikuwa dirishani anazungumza na mwenzake. Hiyo ndiyo safari kubwa kuliko zote ambazo mtoto huyo alisafiri mwaka mzima, na kwenye karatasi haikutokea, kwa kuwa shati lilivaliwa mara zote mbili.

Geuza sasa. Mwalimu yule anahamishwa, anakuja mwingine mwenye upendo mwingi na haraka nyingi. Anamvalisha. Shati linavaliwa, tiki inawekwa. Kwenye karatasi hakuna kilichobadilika, na mtoto amerudi Machi.

Kitu kinachosogea katika elimu maalumu, mara nyingi kuliko tunavyokiri, ni mkono wa mtu mzima. Vitabu vya fani vinalijua hili na vina ngazi yake. Juu kabisa kwa uzito ni kumshika mtoto mkono kwa mkono. Kisha kumgusa tu, kwenye kiwiko au begani, aanze. Kisha kumwonyesha. Kisha kumwambia. Mwisho kabisa, mwenyewe. Kushuka ngazi moja huchukua wiki, au muhula, au miaka miwili, na kila ngazi ni ushindi wenye tarehe. Kuna mtego pia, na mwalimu yeyote wa kitengo ataucheka kwa kuujua: mtoto anayeweza kazi nzima lakini anasimama katikati, anakutazama, anasubiri useme "eeh?" ndipo aendelee. Tiki itasema ameweza. Ukweli ni kwamba katika chumba hicho aliyefundishwa barabara ni mwalimu.

Najua jibu litakalokuja kutoka chumba cha walimu, na ni jibu la haki: muda uko wapi? Malengo 100 hayafuatiliki, na asiyekubali hilo hajawahi kuingia kitengoni. Yafutwe. Mtoto abaki na lengo moja au mawili ambayo mtu anaweza kuyaona kwa macho, yanayohusu dumu lililopo na viatu vilivyopo. Kisha hesabu ni hii: watoto 20, siku tano, watoto wanne kwa siku, dakika moja kila mmoja. Dakika nne, mtoto akiwa anafanya kazi ile ile ambayo angeifanya hata hivyo.

Na safu ya tiki ibaki ilivyo, ila isipokee tiki. Ipokee herufi: S kama ulimshika, G kama ulimgusa, O kama ulimwonyesha, A kama ulimwambia, M kama ni mwenyewe. Herufi inatumia wino ule ule. Haihitaji semina, haihitaji mfadhili, na mthibiti ubora akija ataikuta kwenye kisanduku chake. S tatu, G mbili, S tena kwa sababu mtoto alikuwa na homa, G, G, O: hiyo ni taarifa, na zikikaa S mwezi mzima, wa kubadilisha mbinu ni wewe.

Mwalimu wa kitengo, usianze na watoto wote. Anza na mtoto mmoja na lengo moja muhula huu. Andika S pale ulipomshika, hata kama inaonekana vibaya. Mama yake akija kikaoni, msomee herufi hizo kwa mpangilio wa tarehe, na umwulize za kwake.